Kiti cha Kushoto

Watu wa mtaa wetu wa Nyamugari, hapa Gitega, wakimkuta baba amesimama kando ya gari lake huuliza maswali yale yale. Linakula esansi sana? Halichoki kwenye mlima? Limeshakulaza njiani? Baba hujibu polepole, kwa furaha ya mtu anayeulizwa habari za mtoto wake aliyefaulu. Husema gari hili ni la Kijapani, na Mjapani akitengeneza kitu hatengenezi ili akuaibishe mbele za watu. Unaweka oili, unaweka maji, unasema Bismillah, unawasha. Halijawahi kusukumwa ila siku moja tu, na siku hiyo kosa halikuwa la gari. Esansi ilikuwa imekwisha, na nchi nzima ilikuwa imekwishiwa esansi.

Yote hayo ni kweli. Mimi husimama pale karibu na kuitikia kwa kichwa, maana kuongea mbele za watu si kazi yangu. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza habari ya kiti cha mbele cha kushoto. Wangeniuliza, ningewaambia kwamba gari lenyewe halijanitisha hata mara moja. Kiti hicho ndicho kinachonitisha.

Gari letu lilikuja kutoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa barabara hadi mpaka wa Kobero. Usukani wake, ambao sisi tunauita volan, uko kulia. Kule Tanzania, ambako baba alikulia ukimbizini na ndiko alikojifunza kuendesha, magari hupita kushoto, kwa hiyo dereva wa kulia anakuwa upande wa katikati ya barabara na anakiona kila kinachomjia. Kwetu Burundi tunapita kulia. Dereva mwenye volan kulia anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya kamyo la mizigo, anachoona ni turubai la kamyo, basi. Ili aone mbele lazima alitoe gari lake lote nje, na akishalitoa, kama kuna kitu kinakuja, habari imekwisha.

Ndiyo maana gari la namna hii linahitaji mtu wa kukaa kushoto na kumwonea dereva. Kila mwenye gari kama letu anajua. Wengine hupakia msafiri wasiyemjua na kumkabidhi roho zao bila kumuuliza hata anatoka wapi. Kwetu sisi, mtu huyo alikuwa mama.

Mama anauza vitenge sokoni, na sauti yake ni ya sokoni. Katika safari za Muyinga, za kupeleka bidhaa au kuwasalimia ndugu zake wa Buhinyuza, alikaa kushoto, ushungi ameufunga vizuri, karanga mapajani. Baba akiwasha, sauti ya mwanamke ilitoka ndani ya tablo, ile dashibodi, na kusema maneno ya Kijapani ambayo hakuna fundi aliyeweza kuyazima. Mama humjibu: "Ndiyo dada, sisi pia tumeamka salama." Kisha safari inaanza, na tukifika nyuma ya kamyo la kwanza baba anauliza:

"Vipi huko?"

"Tulia!"

"Vipi sasa?"

"Nimesema tulia. We unataka kunioa ao kunizika?"

"Nilishakuoa."

"Basi tulia. Tulia… Haya, pita! Pita, pita, pita! Unangoja wakupigie ngoma?"

Mimi nilikuwa nyuma, katikati ya marobota ya vitenge, na nilifumba macho kila aliposema pita. Nilipoyafumbua, kamyo lilikuwa limebaki nyuma yetu na mama alikuwa anamenya karanga.

Mimi nilisoma shule ya msingi tu. Darasani, nikisimama kujibu, mwalimu alitega sikio na kusema anasikia mbu. Wenzangu walicheka, na kadiri walivyocheka ndivyo mbu alivyozidi kuwa mdogo. Nilipomaliza nilikaa kwenye cherehani dukani kwa baba, mahali ambapo mashine inaongea na mtu ananyamaza. Kuandika naandika polepole, lakini naandika, kwa sababu karatasi haikuangalii usoni.

Mwaka mmoja mama alipasuliwa tumbo katika hospitali moja ya hapa Gitega. Alipona, au tulidhani amepona. Daktari alimwonya kwamba akiona tumbo linavimba na homa inapanda, asingoje, arudi pale pale. Mama alisema sawa kama anavyosema sawa kwa mteja anayetaka kupunguziwa. Kidonda kilipofunga, alitaka kwenda kumwona dada yake Buhinyuza, na baba hakumkataza, kwa sababu hakuna anayemkataza.

Tulilala huko vizuri. Asubuhi mama hakuamka kunywa chai. Nilimkuta amejikunja mkekani, uso umebadilika rangi, meno ameyauma. Dada yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa, alikuwa anamfuta jasho kwa pembe ya kanga. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Nesi alimgusa tumbo, akaondoa mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Alimtazama baba.

"Mzee, gari iko?"

"Lipo."

"Basi mupeleke kule kwenye walimupasua, wanajua walichofanya ndani. Sasa hivi. Musingoje jua itoke."

Jua halikuwa na nia ya kutoka. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Tulimlaza mama kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama mkubwa, magoti juu kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuyanyoosha. Nilikuwa nimeshika mlango wa nyuma, nikitafuta pa kujibana, baba aliponiita.

"We kaa mbele."

Sikuelewa.

"Kushoto," alisema. "Leo macho ni wewe."

Sijui kama nimewahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa lile. Nilizunguka gari, nikaingia. Kiti kilikuwa bado kimevutwa mbele, kwa kipimo cha mama. Gari liliwaka mara moja, yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, na hakuna aliyemjibu.

Barabara ya udongo haikuwa na shida. Hapo hupiti mtu, unapishana tu na mbuzi na wanafunzi. Lakini tulipoingia kwenye lami kuelekea Karusi, mvua ikaanza, na barabara ile ni ya milima. Kila kona inaficha kona nyingine. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Nilisikia mama akivuta pumzi nyuma yangu, fupi fupi, na kila gari lilipotikisika pumzi ile ilikatika.

Mwanzoni tulizipita baiskeli tu. Baba aliuliza, mimi nilijibu, na baba alisema, "Eeh?"

"Pita," nilisema tena.

"Sisikii! Ongea!"

"Shemeji, huyu mutoto anaongea kama mutu anayekula viazi vya moto," alisema mama mkubwa. "We kijana, toa sauti. Hapa hatuko msikitini."

Kisha tukalifikia kamyo. Lilikuwa limebeba magunia, turubai limefungwa kwa kamba, na lilikuwa linapanda mlima kama mtu aliyebeba maiti. Nyuma yake walikuwa wamening'inia vijana wa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani wa velo, mkono mwingine umeshika chuma cha kamyo, ili mlima uwapandishe bure. Mmoja alikuwa upande wa kushoto kabisa, karibu na katikati ya barabara. Moshi wa kamyo uliingia ndani ya gari letu. Mama alikohoa, na kikohozi kilimuumiza hadi akalia.

Baba alisogea karibu. Mvua ilikuwa inapiga paa kama mawe, vifutio vinakwenda na kurudi. Alipaza sauti kuniuliza. Nilichosikia mimi ni neno moja:

"Iko?"

Kwetu nyumbani, iko ni kila kitu. Chumvi iko? Iko. Mwenye duka iko? Haiko. Nilisogeza kichwa karibu na kioo, nikaangalia, na pale juu, kwenye kona, niliona taa za kamyo jingine linateremka. Kwa hiyo nilijibu, na mara hii nilijibu kwa nguvu, kwa kuwa nilitaka anisikie:

"Iko!"

Baba akalitoa gari.

Sikupata neno la pili. Niliona taa zinakua. Niliona uso wa dereva wa lile kamyo, mdomo wazi, na klaksoni yake ikajaa kila mahali mpaka nikadhani inatoka kichwani mwangu. Baba alikanyaga breki. Gari letu liliinamisha pua, likateleza kidogo, likashika, na baba akalirudisha kulia nyuma ya magunia. Kamyo la juu lilipita huku upepo wake ukitutikisa kama nguo kwenye kamba. Yule kijana wa velo aliachia chuma, akayumba, akashika tena.

Baba alisimamisha gari pembeni. Mikono yake ilibaki kwenye volan.

"Umesema iko," alisema. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Umeuliza iko."

"Nimeuliza, iko wazi? Barabara iko wazi?"

"Mi nilisikia iko tu. Nikaona kamyo. Nikasema iko."

Tulitazamana. Hapakuwa na wa kumlaumu. Mvua ilikuwa imemeza neno moja, neno wazi, na lililobaki kila mtu alilichukua kwa upande wake.

"Yampayinka!" aliapa mama mkubwa kwa Kirundi. "Iko, iko! Mutatuzika na iko yenu. Mdogo wangu afe kwa tumbo, asife kwa Kiswahili."

Siku nyingine yoyote mama angecheka.

Baba aliondoka tena. Gari halikuwa na tatizo lolote, breki nzima, injini inanguruma kama mwanzo. Lakini baba alikuwa ameharibika. Tulilifikia tena kamyo lile la magunia, na safari hii hakusogea karibu. Alibaki nyuma yake, mbali, akifuata mwendo wake, akiangalia turubai. Hakuniuliza. Nilijua kwamba hataniuliza tena, kwamba ameamua kufuata magunia yale mpaka Gitega, hata kama tutafika kesho.

Tulipanda mlima ule, tukashuka, tukapanda mwingine. Kwenye mteremko kamyo lilikwenda polepole zaidi, kwa kuogopa breki zake. Kushoto kwangu barabara ilifunguka, ikafunga, ikafunguka. Niliiona mara nyingi ikiwa tupu. Nikisema na kukosea, nawaua wote watatu pamoja na mimi. Nikinyamaza, sijaua mtu, ni njia tu imekuwa ndefu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Kisha niligundua kwamba sisikii pumzi za mama. Nilikuwa nimezizoea zile pumzi fupi na kuzichukia. Sasa nilizitafuta. Niligeuka. Macho yake yalikuwa nusu wazi na hayakuniangalia. Mama mkubwa alikuwa amemwekea kiganja kifuani, midomo yake inasoma dua bila sauti. Alipoona ninamtazama alitikisa kichwa, sijui kunikataza nisiseme au kuniambia hali ndiyo hiyo.

Yule kijana wa velo, ambaye bado alikuwa amening'inia kushoto, sasa kamyo likiwa breki yake, aligeuka akatuangalia. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Alikuwa ametuona tukiponea chupuchupu, na sasa alituona tunatambaa.

"Genda, sha!" alipiga kelele kwa Kirundi, kutuambia twende. Kisha kwa Kiswahili: "Mzee! Unachunga hii kamyo? Iko ng'ombe yako?"

Baba hakumtazama. Mimi nilishusha kioo. Mvua ilinipiga usoni. Nilitoa kichwa nje, chote, nikaangalia. Na kwa sababu sikuliamini tena neno moja, wala iko, wala pita, wala tulia, nilianza kusema kila nilichokiona, kimoja kimoja, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo.

"Baba, naona barabara mpaka chini kwenye daraja! Ni tupu! Hakuna kamyo, hakuna taksi, hakuna pikipiki! Yupo mwanamke mmoja na mwavuli, anatembea pembeni, upande wetu! Baada ya daraja naona mikaratusi, na hapo pia hakuna kitu! Toa gari!"

Baba hakutoa. Nilimwona kwa pembe ya jicho, taya limekaza.

"Bado ni tupu! Mwanamke bado yuko pembeni! Baba, mama hapumui vizuri! Ni tupu mpaka kwenye mikaratusi! Toa!"

Akatoa. Magunia yalianza kupita upande wake wa kulia, na kamba, na magurudumu yanayorusha maji. Niliendelea kusema. Ni tupu. Ni tupu. Daraja ni tupu. Kijana wa velo alitupigia mluzi. Tulipolipita kamyo na kurudi kulia, lami mbele yetu ilikuwa nyeusi, ndefu, haina mtu, na baba akakanyaga.

Sikunyamaza tena. Nilisema mpaka Karusi na baada ya Karusi. Nilimwambia baba kuna kona, kuna pikipiki inakuja, mbali, sasa imefika, sasa imepita. Nilimwambia kuna ng'ombe wawili na mchungaji amevaa gunia kichwani. Tulipita makamyo mengine, na kila mara alingoja nieleze barabara yote kabla hajatoa pua. Nilikuwa naogopa kila neno, na nikiacha kusema naogopa zaidi. Nguo yangu upande wa kushoto ililoa mpaka kwenye ngozi. Mahali fulani sauti ilianza kukauka, ikawa kama ya jogoo mgonjwa, na mama mkubwa hakunitania.

Hospitalini walikuja na kitanda cha magurudumu. Walimshusha mama kwa shuka. Mkono wake ulining'inia, na mama mkubwa aliukamata na kukimbia nao pembeni mwa kitanda mpaka mlango ulipomzuia. Daktari alitoka kidogo, akauliza homa ilianza lini, akaingia. Baba alikaa kwenye benchi, akainuka, akatoka nje. Mimi nilibaki na mama mkubwa. Watu walipita na sahani za maharage. Nilikuwa nasikiliza kila mlango.

Baada ya muda mrefu daktari alirudi, akiwa anavua kofia yake ya kitambaa. Alisema ndani kulikuwa kumejaa usaha, wamesafisha, na moyo wake unakwenda vizuri. Alisema, "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine." Sasa tungoje azinduke. Mama mkubwa aliketi sakafuni. Hakulia, alikaa tu na kuvua kandambili zake.

Nilitoka kumwambia baba. Mvua ilikuwa imekatika. Sikumkuta kwenye volan. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kushoto, kioo bado kimeshushwa, kiti kimelowa, na magoti yake yamebanwa kwenye tablo kwa kuwa hakukirudisha nyuma. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye ukuta wa hospitali.

Nilimpa habari. Alifunika uso kwa viganja, akasema alhamdulillah mara nyingi, zikawa kama neno moja refu. Kisha alibaki hapo. Nilisimama nje ya mlango.

"Mtu anayekaa hapa," alisema, "kila kitu kinamjia yeye kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hii alikuwa anamenya karanga."

Mama mkubwa alitokea mlangoni, miguu mitupu, akaja kwetu anatembea haraka kwenye madimbwi bila kuyakwepa. Nilidhani ni habari mbaya, mpaka alipofika karibu nikaona anatabasamu.

"Amezinduka," alisema. "Lakini anafoka. Anauliza ni nani huyo alikuwa anapiga kelele njia nzima, hakumuacha alale."

Baba alinitazama. Nilitaka kusema nenda wewe. Sauti haikutoka, ilikuwa imeisha kabisa.

"Anakuulizia wewe," alisema baba, na akanionyesha mlango.